Juu ya Mgongo wa Mzee Aliyepasuliwa

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa akiisha kupasuliwa, kidonda kikashonwa, naye akapewa ruhusa ya kurudi kwao, basi ugonjwa umekwisha. Yaliyobaki ni kulala, kula mchuzi na kungoja. Sisi nasi tulidhani hivyo, ijapokuwa ni walimu na twafundisha watoto habari za mwili wa mwanadamu kila mwaka. Kwa kudhani hivyo tulikaribia kumpoteza mama yetu mzazi. Twaandika habari hizi si kwa kujisifu, maana sehemu yake kubwa ni makosa yetu wenyewe, bali kwa kuwa twajua ya kuwa katika nyumba nyingi yupo mzee anayeugulia mgongo, na watoto wake hawajui wamtende nini.

Ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka 2021, wakati wa masika, katika kijiji chetu kilichoko chini ya milima ya Usambara. Mama alikuwa na umri wa miaka 69. Hakuanguka mnazini wala hakugongwa na gari. Alitoka jikoni na ndoo ya maji, akateleza penye tope, akakaa chini kwa kishindo. Ni hayo tu. Aliinuka mwenyewe akasema, “Si kitu.” Usiku hakulala. Siku ya tatu hakuweza kugeuka kitandani, na siku ya nne akatuambia kwamba miguu yake imekuwa kama si yake, ina ganzi.

Hapo tulifanya kosa la kwanza. Tulimpakia juu ya pikipiki, kijana mbele na sisi nyuma tumemshika, tukaenda naye katika njia ya mashimo. Baadaye mganga alitukemea kwa haki. Mtu ashukiwaye kuvunjika mgongo hapakiwi juu ya pikipiki, wala habebwi katika shuka iliyolegea. Hulazwa juu ya ubao ulionyoka, hata mlango uliong'olewa wafaa, akafungwa asitikisike, kisha hutafutwa gari la kumlaza.

Hospitalini alipigwa picha ya mifupa. Uti wa mgongo si mfupa mmoja, bali ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake hupita ule uti wenye mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Pingili moja, pale mgongo unapokutana na kiuno, ilikuwa imepondeka, na kipande chake kilisukumwa nyuma kikabana mishipa. Tukauliza, “Yawezekanaje mtu akavunjika mgongo kwa kuteleza hatua moja?” Mganga akatujibu kwamba mifupa ya wazee, hasa ya wanawake waliokoma hedhi, hupungua uzito ndani yake pole pole, ikawa kama mti ulioliwa na mchwa: nje wasimama, ndani ni tupu. Kisha akamwuliza mama, “Je, umefupika?” Mama akacheka kidogo, akasema kwamba gauni lake la kanisani, ambalo zamani lilimfika kwenye vifundo vya miguu, siku hizi lafagia chini, naye alidhani limelegea kwa kufuliwa. Kumbe si gauni lililorefuka, ni yeye aliyepungua. Miaka mingi dalili ilikuwa mbele ya macho yetu, wala hatukuiona.

Mama alipasuliwa, mishipa ikaondolewa kibano, na pingili za juu na za chini zikafungwa kwa skurubu na vyuma viwili vilivyosimama kama nguzo. Si kila mzee aliyepondeka pingili hufanyiwa hivyo. Walio wengi hupona bila kisu, kwa dawa, kwa kupumzika siku chache na kwa mazoezi. Wengine hutiwa aina ya saruji ndani ya pingili kwa sindano, kazi iliyoanzwa huko Ufaransa mwaka 1984. Lakini mwaka 2009 yalitangazwa majaribio mawili, moja likiwa la Australia, nayo yalionyesha kwamba wagonjwa waliotiwa saruji hawakupungukiwa na maumivu kuliko wenzao waliofanyiwa mfano wake tu bila saruji. Tena si kila mgongo uliopinda ni uzee. Kifua kikuu huweza kuingia katika pingili, jambo aliloliandika mganga Percivall Pott wa Uingereza mwaka 1779, na hata leo lipo katika nchi zetu. Mgonjwa akikonda, akitoka jasho la usiku au akiwa na homa isiyokoma, na mgongo wamwuma, asiambiwe, “Ni uzee huo,” bali apelekwe akapimwe.

Basi, mwezi wa Mei tulirudi nyumbani na mama, naye akiwa na fahamu ya miguu yake. Pale hospitalini walikuwa wamemwinua na kumtembeza hatua chache kila siku, nao walituagiza tuendelee. Lakini tulipofika nyumbani, shangazi yetu mkubwa alisimama mlangoni akanena, “Mgonjwa mwenye vyuma mgongoni mtamsimamisha? Mwataka vikatike? Mwacheni alale.” Sisi tulimheshimu shangazi, na zaidi ya hayo tulikuwa na hofu. Kila mama alipojaribu kuinuka aliugua, na ni nani apendaye kusikia mama yake akiugua? Tukamwachia alale. Tulimlisha kitandani, tukamwogesha kitandani, tukawakataza wajukuu wasimtume kitu. Tuliona ya kuwa huo ndio upendo.

Majuma sita yakapita hivyo. Maumivu hayakupungua, bali yaliongezeka. Mapaja yake yakawa membamba kama mikono. Ngozi ya makalio ikaanza kuwa nyekundu, dalili ya kidonda cha kulala. Akafunga choo. Tena hakuuliza habari za shamba wala za kanisa. Baadaye tulijifunza jambo ambalo twatamani kila msomaji alishike. Mwaka 2007 waganga wa Marekani walieleza habari za wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu yao. Ikiwa mzima hupoteza hivyo kwa siku 10, mgonjwa atapoteza nini kwa siku 40? Na nyama za mgongo na tumbo ndizo zishikazo uti, kama kamba zishikazo nguzo ya hema. Kamba zikilegea, nguzo yote hubeba mzigo peke yake. Vyuma vya mganga hushika pingili zipate kuunga. Havichukui kazi ya nyama.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mama alipozidi kuugua, tulikwenda duka la dawa tukanunua vidonge vya maumivu. Vikamsaidia siku mbili. Jirani akatuletea vidonge vingine vyenye jina jingine, akavisifu sana. Tukampa vyote viwili, asubuhi na jioni, mara nyingine kabla hajala. Hatukusoma maandishi madogo yaliyo kwenye karatasi. Laiti tungalisoma! Dawa ilikuwa ni ile ile moja, ya jamii ya diklofenaki, imeuzwa kwa majina mawili. Siku ya tisa mama alisema ana kizunguzungu, na dada yetu akatuita nje akatuonyesha choo chake: kilikuwa cheusi kama lami. Damu ilikuwa ikimtoka tumboni.

Usiku ule, ndani ya gari la kukodi, mama alikuwa baridi mikononi mwetu. Sisi twalimu tuliosoma vitabu, tuliokuwa tukiwasahihisha watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, hatukuwa na neno la kujitetea. Hakuna mwingine wa kulaumiwa, si jirani wala mwenye duka. Mkono uliompa vidonge ulikuwa mkono wetu.

Alitiwa damu, akapona tumbo. Na katika kulazwa huko mara ya pili ndipo tulipokutana na bibi mmoja ambaye kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Hakutugombeza. Alivuta kiti karibu na kitanda, akamwuliza mama mwenyewe, si sisi, “Mama, maumivu yako ni ya namna gani?” Hatukuwa tumemwuliza neno hilo hata siku moja. Mama akaeleza, na yule bibi akatufafanulia kwamba maumivu ya mgongo uliopasuliwa si kitu kimoja. Yako maumivu ya kidonda na ya mfupa unaounga, nayo hupungua mwezi kwa mwezi, maana mfupa huhitaji yapata miezi mitatu, na kwa mzee pengine zaidi. Yako maumivu ya nyama zilizolegea, ambayo huja mtu akikaa au akisimama sana, nayo hukaa upande huu na huu wa uti. Tena yako maumivu ya mishipa ya fahamu, yachomayo kama moto au kama siafu, yakishuka mguuni. Hayo yana dawa zake mbali. Ya kwanza hungojwa, ya pili hutibiwa kwa kazi, ya tatu huambiwa mganga. Asiyeyatenganisha hutibu yote kwa kidonge kimoja, kama sisi.

Kisha akamfundisha mama kuinuka. Mgonjwa hainuki kwa kujikunja kifua mbele, kama tufanyavyo sisi wazima. Hukunja magoti kwanza, akageuka ubavu, mabega na nyonga pamoja, kama gogo liviringishwavyo. Kisha hushusha miguu chini ya kitanda, na papo hapo hujisukuma juu kwa mikono. Mara ya kwanza mama alifanya hivyo akatutazama kwa mshangao, akasema, “Mbona haikuuma sana?”

Yule bibi akatuagiza neno moja: “Asilale mchana kutwa, wala asifanye kazi mchana kutwa. Kidogo, mara nyingi.” Nyumbani hatuna saa ya kulia ukutani, lakini shule yetu i karibu, na kengele yake ni rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni, husikika hadi kwetu. Tukapatana na mama: kila kengele ya kipindi ikilia, yeye naye huinuka. Kama ameketi, atasimama. Kama amesimama, atatembea. Kama ametembea, ataketi. Juma la kwanza alitembea toka mlangoni hadi kwenye tanuri la mkate, akarudi. Juma la pili alifika mpaka wa uwanja. Sisi tukiwa darasani tukimpa mtoto fimbo ya kengele, moyo wetu ulikuwa ukienda nyumbani pamoja na ile sauti. Likizo ilipokuja na kengele ikanyamaza, mjukuu wake wa miaka saba alitafuta chuma kizee, akawa akikipiga mwenyewe, tena kwa ukali kuliko mwalimu wa zamu.

Kulikuwa na siku mbaya. Siku moja mama aliamka bila maumivu, akafurahi, akafagia uwanja mzima, akainama kupepeta mchele, akabeba ndoo. Siku tatu zilizofuata hakuweza kuinuka. Hilo ni tego linalowanasa wagonjwa wengi: siku njema hufanya kazi ya siku nne, kisha hulipa. Dawa yake ni kupima. Siku njema mtu asizidishe sana, na siku mbaya asiache kabisa, bali apunguze nusu. Haba na haba hujaza kibaba.

Hali kadhalika tulilazimika kuibadili nyumba. Wasomaji wetu wajua jinsi kazi zetu zote zilivyo chini: jiko la mafiga ni chini, mbuzi ya kukunia nazi ni chini, kigoda ni chini, na choo ni shimo la kuchuchumaa. Mgongo wenye vyuma hauwezi kukunjwa hivyo kila siku. Seremala wa kijiji alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, tukakiweka juu ya shimo la choo, na pembeni tukachimbia nguzo ya kushikia. Jiko tulilijenga juu kwa matofali ya udongo hadi kimo cha kiuno. Kiti chake cha kukalia ni kigumu, chenye egemeo, na kimo chake ni kile ambacho nyayo hukanyaga chini na magoti hayapandi juu ya nyonga. Vitu anavyovitumia kila siku tuliviweka kati ya kiuno na bega. Mlangoni, pale penye tope, tulitandaza changarawe, na usiku taa haizimwi njiani mwa choo. Haya yote hayakutugharimu fedha nyingi, lakini aliyevunjika pingili moja yu karibu kuvunjika ya pili kuliko mtu mwingine; kuzuia kuanguka ni sehemu ya tiba.

Juu ya dawa twasema machache. Parasetamoli ndiyo huanzwa nayo kwa wazee wengi, lakini nayo ina mpaka: vidonge vya miligramu 500 havizidi vinane kwa mtu mzima katika siku moja, na mzee mwembamba au mwenye ugonjwa wa ini hupewa pungufu kwa kadiri ya mganga. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huweza kuchubua tumbo na kudhuru figo, na hupandisha shinikizo la damu. Mzee asipewe bila kuulizwa mganga. Dawa kali za jamii ya morfini husaidia siku za kwanza, lakini huleta usingizi na kufunga choo, na mzee mwenye usingizi huanguka. Kitambaa chenye joto hulegeza nyama zilizokaza. Hakikisheni tu kwamba si cha kuunguza, hasa mahali penye ganzi. Wala asikubaliwe mtu kuja kumkanyaga au kumnyonga mgongo mgonjwa aliyepasuliwa, hata kama jina lake limevuma wilaya nzima.

Na mifupa yenyewe yataka chakula. Dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, maziwa, maharage, mayai, na kuota jua la asubuhi, ni vitu tulivyo navyo. Pia ziko dawa za kuimarisha mifupa. Mojawapo humezwa mtu akiwa hajala, kwa maji matupu, kisha hukaa wima nusu saa asilale. Mama hakupewa hiyo, kwa ajili ya tumbo lake, bali mganga alichagua nyingine. Jambo la kushika ni kuuliza: “Mfupa huu umefungwa, je, iliyobaki itatibiwaje?”

Lakini kuna neno moja ambalo hatukulisikia kwa mganga, tulilisikia kwa mama mwenyewe. Jioni moja tulimkuta akilia. Tukamwuliza, “Mama, ni mgongo?” Akasema, “Baba, mgongo nimeuzoea. Ila tangu niliporudi, hakuna aliyenituma kitu. Mmeniondolea ufagio, mmeniondolea chungu, hata mboga sichambui. Mtu asiyetumwa amekwisha kuzikwa, isipokuwa hajafunikwa.” Akaongeza kwamba mara nyingi alificha maumivu yake, kwa kuwa alituona tukihesabu fedha usiku, akaogopa kuwa mzigo. Tulinyamaza, maana ni kweli tulikuwa tukihesabu, wala hatukujua kwamba alikuwa macho.

Kesho yake tulimwekea meza ndogo, na juu yake ungo wa maharage. Tukamwambia, “Mama, twataka haya yachambuliwe kabla ya kengele ya mwisho.” Akayachambua, akatugombeza kwa kununua maharage yenye mawe. Tangu siku ile tulianza kumwona mama yetu tena. Maumivu yake hayakuondoka, lakini yalipata mwenzi, nayo ni kazi; na maumivu yenye mwenzi hayapigi kelele sana.

Kabla hatujamaliza, shikeni dalili hizi zisizongojwa hata usiku mmoja: mgonjwa akishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo usipotoka, akipata ganzi kati ya mapaja, miguu ikizidi kulegea, homa, au kidonda kikitoa usaha, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafula, maumivu mapya makali baada ya kuanguka, na choo cheusi. Hayo yote ni ya hospitali, si ya kukandwa nyumbani.

Siku ya Noeli mwaka 2021 mama alitembea kwenda kanisani kwa fimbo, mwendo ambao sisi huumaliza kwa dakika kumi. Yeye alitumia nusu saa, akapumzika mara tatu. Hakuketi benchini, bali juu ya kiti chake cha egemeo, ambacho mjukuu alikibeba kichwani. Gauni lake lilikuwa limepunguzwa upindo, halifagii tena. Shangazi aliyetukataza alikuwa karibu naye, akamshika mkono wakati wa kuinuka, na tulimsikia akimwambia pole pole, “Geuka kwanza kama gogo, dada.”

Mpaka leo mgongo wamwuma, hasa wakati wa baridi na jioni akichoka. Mganga hakutuahidi kwamba hautauma, nasi hatuwaahidi ninyi. Tulichojifunza ni kwamba mzee aliyepasuliwa hahitaji kuhurumiwa tu. Ahitaji kuulizwa, kuinuliwa kwa kipimo, kupewa dawa kwa kusoma maandishi yake, na kutumwa. Wenye wazee nyumbani, leo jioni waulizeni, “Maumivu yako ni ya namna gani?” kisha ngojeni wamalize kujibu.